Kelele za Mwosha

Usoni pake tulimwita Khaloo, kama tunavyowaita dada za mama zetu. Akishapita, alikuwa Mwosha. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake hapa Mabela, pembeni mwa Maskati, za watu wetu hasa, hizi koo zilizorudi Oman kutoka Unguja na bara, ambazo hupenda hata mfu wao asemezwe Kiswahili anapogeuzwa. Nani alimfundisha kazi hiyo sijui. Nilimkuta ndiye, kama unavyohamia mtaa ukaukuta msikiti ushajengwa.

Mimi nilikuwa dereva wake. Hakunilipa na hakuniomba. Nilikuwa nimeachika nikarudi kwa mama yangu, skuli niliishia darasa la tisa, na kitu nilichokuwa nacho ambacho wanawake wengi wa rika lake hawakuwa nacho ni leseni na gari ndogo nyeupe. Simu ikilia kwake, ya pili kulia ilikuwa yangu. Nilimpeleka maghsala, ile nyumba ya kuoshea maiti karibu na makaburi, akaingia na mkoba wake wa karafuu maiti na majani ya mkunazi yaliyotwangwa, nami nikabaki garini na kiyoyozi kikivuma mpaka atoke. Miaka yote hiyo sikuuvuka mlango ule.

Niseme mapema, nisije nikadhaniwa namsifu tu. Nilimwonea aibu. Nilimpenda na nilimwonea aibu, na sasa amekufa, vyote viwili vimenibakia na sijui pa kuvipeleka.

Mikono yake ilikuwa baridi hata wakati wa joto letu hili ambalo usukani unaunguza viganja. Alipima maji kwa kiwiko, kama anayemkogesha mtoto mchanga. Mtu akimgeuza maiti kwa nguvu alimtoa nje bila ya kugombana naye, alimwambia tu, "Mwanangu, nenda kachemshe chai." Waliowahi kuingia naye walinihadithia kwamba alizungumza na maiti muda wote. Nakugeuza, mama. Nainua mkono huu. Niwie radhi, maji yamezidi kidogo. Mimi niliyasikia hayo kwa watu tu, kwa sababu ya woga wangu, na yeye woga huo aliujua.

"Ingia basi ushike hata kata ya maji."

"Siwezi, Khaloo."

"Maiti hawang'ati."

"Najua."

"Wanaong'ata ni walio hai, na hao unawapikia chai kila siku."

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kilichoonekana ndani hakitoki. Wanawake wa jikoni kwenye msiba huwa na maswali yao: uso ulikuwaje, ulikuwa na nuru, mwili ulikuwa mlaini? Yeye alikuwa akiulizia chumvi, au akimwuliza muulizaji habari za watoto wake, mmoja mmoja kwa majina, mpaka muulizaji akachoka. La pili, kulia kwa sauti marufuku. "Machozi ruhusa," alikuwa akisema akiwa kasimama mlangoni, mikono bado imelowa. "Sauti hapana. Mnamuudhi mwenyewe." Na wanawake walinyamaza. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwona hata na chozi. Alimuosha kichanga cha siku chache, akatoka, akaniambia nipitie dukani anunue maziwa.

Kwa hiyo wengi walidhani hapendi kelele. Na kweli hakuzipenda. Vijana wakipiga honi mtaani baada ya mpira alitoka kizingitini akawatazama mpaka wakaona haya. Vigelegele vya harusini alivisikiliza kwa uso wa mtu anayeumwa na jino. Nyumbani kwake televisheni ilikuwa inafunikwa kitambaa kama tundu la kasuku.

Halafu tukitoka maghsala, tukishaingia barabara kubwa, ananipa simu yake. "Washa kelele zangu."

Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika. Magitaa yalikuwa yanakwaruza kama mtu anayeburura makabati juu ya saruji, ngoma zinakimbizana, halafu ikaja sauti ya mwanamme anaunguruma kutoka tumboni. Nilitaka kuzima.

"Iache."

"Khaloo, huyu anasema nini?"

"Sijui."

"Sasa unasikiliza nini?"

"Namsikiliza anavyosema."

Tulisimama kwenye taa nyekundu. Kwenye gari ya pembeni walikuwamo wanaume wawili wenye kofia zao na kanzu, wakageuka kutazama. Nilipandisha kioo upesi ingawa kilikuwa kimeshapanda. Nikamwuliza kama si haramu. Akasema, "Muulize sheikhe. Mie sijamuuliza, naogopa jibu."

Kuhusu alikoupata muziki huo aliniambia jambo moja tu. Mumewe alipokuwa anasoma Ulaya, yeye alikuwa mke mgeni asiyejua lugha wala mtu. Ghorofa ya juu walikaa vijana wenye magitaa. Majirani wengine waligonga dari kwa fagio. Yeye alijifunza saa yao ya kuanza, akawa anamaliza kupika mapema, anakaa chini, anangoja.

Kila mwaka joto likianza kuchoma na watu wakianza kukimbilia Salalah, kusini, kwenye mvua ya kharif, yeye naye alifunga begi. "Nnakwenda Salalah," alisema kwa majirani. Na kwa mabibi wa rika lake aliongeza, "Jamani, asife mtu mpaka nirudi," nao wakacheka wakamuahidi. Hakwenda Salalah. Alikwenda Ulaya, kwa pensheni ya marehemu mumewe, kwenye matamasha ya muziki wa roki na metali, kiwanja baada ya kiwanja, na aliporudi alikuwa na sauti ya kukwama na uso uliopumzika. Watu walisema hewa ya Salalah inamfaa.

Aliyejua ni mama yangu peke yake. Walikuwa marafiki wa kuchambuana mpaka mifupa. Mwaka mmoja magoti ya Mwosha yalipomkataa kabisa, mama ndiye aliyesema niende naye.

"Mama, kule ni ulevi na mambo ya haramu."

"Kwani nimekwambia ukacheze? Nimekwambia ukambebee kigoda."

"Na wewe nani atakutazama?"

"Mke wa kaka yako yupo. Mie sifi mwezi huu." Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anakunywa chai pale pale. "Na nikifa, utaniosha wewe. Asinishike mwengine. Nnasema mbele ya mtoto, usije ukakataa."

"Basi usiwe na haraka," Mwosha akamjibu. "Una mwili mzito, nataka kwanza magoti yangu yapone."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kusafiri bila ya maharimu, nawaza kaka yangu, nawaza picha za pasipoti. Tukasema Salalah.

Tulianzia Ujerumani, kijijini, kwenye shamba ambalo nadhani siku nyengine ni la ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha na tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Mahema yalienda mpaka macho yanaishia. Watu wote walivaa nyeusi. Wanaume walikuwa na nywele mpaka kiunoni, tatuu mikononi na shingoni, mafuvu kwenye fulana, bia mkononi kuanzia asubuhi. Sisi tulikuwa na mabuibui yetu na viatu vya mpira tulivyonunua njiani. Nilitembea nimeinamisha kichwa nikijiambia, hakuna anayenijua, hakuna anayenijua, na bado nilihisi kama niko sokoni Matrah siku ya Ijumaa na kila mtu kasimama ananitazama.

"Umeona?" Mwosha akasema. "Nchi nzima imevaa buibui."

Alikuwa na utaratibu wake. Kigoda cha kukunja, chupa ya chai, tasbihi, mfuko wa tende. Ukanda wa kitambaa uliofungwa mkononi pale langoni aliusukuma juu chini ya mkono wa nguo, na siku ya kurudi aliukata kwa mkasi mdogo chooni uwanja wa ndege. Alikaa karibu na uzio, upande wa walemavu na wazee, na watu walimpisha. Mimi nilijaza pamba masikioni. Yeye hakuweka kitu. Watu wakinyoosha vidole viwili kama pembe, yeye mikono aliiweka mapajani. "Pembe siwafanyii," aliniambia. "Mie nimekuja kusikiliza."

Wakati wa sala tulirudi nyuma ya hema letu. Nilitawadha kwa chupa ya maji, nikasali haraka haraka kama mwizi anayevunja kufuli. Yeye alisali kama yuko kwake, akakaa na nyiradi zake mpaka mwisho, na jitu moja lenye ndevu nyekundu, kifua wazi, likasimama limemshikia kikombe cha chai mpaka amalize. Nikamwuliza baadaye kama anamjua. "Wa kila mwaka huyo," akasema. "Anapenda chai yenye iliki."

Hilo ndilo sikulitarajia, kwamba kule anajulikana. Msichana mmoja aliyenyoa kichwa, pete puani na mdomoni, alikuja mbio kwenye tope akamkumbatia, akapiga magoti akamshika goti bovu akitaka kujua linaendeleaje. Nikasogea pembeni nikajifanya nafunga kiatu.

"Huyu nani?"

"Rafiki yangu. Mama yake alikufa nyumbani, akanipigia simu hajui aanzie wapi. Nikamwambia afumbe macho kwanza, halafu kidevu."

"Na wao wanaosha?"

"Wanaita watu. Lakini macho alifumba mwenyewe."

Kutoka Ujerumani tukaenda Ubelgiji, kwa treni, na mabegi yananuka tope. Huko ndiko ilikotokea picha iliyokuja kutufuata mpaka nyumbani. Ilikuwa jioni na jua bado liko juu, kama lilivyo kule. Kundi lililokuwa jukwaani lilikuwa la wazee, wenye mvi, wanaopiga polepole na zito mpaka nilihisi mbavu zinatingishika. Mwimbaji alinyamaza. Akainua mikono, akawaashiria watu. Kiwanja kizima kikafungua mdomo.

Mwosha alisimama kwenye kigoda chake. Alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili, akafumba macho, akalia.

Sijui nikuelezeeje. Hakuwa anaimba. Niliwahi kusikia bibi yangu akisimulia jinsi wanawake wa zamani walivyokuwa wakilia msibani kabla hawajakatazwa, wanaita majina, wanainama na kuinuka. Ilikuwa kitu cha namna hiyo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alikata pumzi, akaanza tena, na tena, na watu elfu na elfu wakilia pamoja naye, kila mtu na chake. Nilimvuta buibui. "Khaloo, kaa. Khaloo, watu." Hakunisikia. Nikainua macho, na kwenye ile skrini kubwa ya pembeni mwa jukwaa nikamwona yeye, uso mkubwa kama nyumba, mdomo wazi, ushungi umerudi nyuma, na pembeni yake mwanamke aliyejiziba uso kwa kiganja chenye hina. Kiwanja kizima kikamshangilia. Yeye macho bado kayafumba.

Alipokaa nilimwambia, "Wamekuonyesha kwenye skrini."

"Nilikuwaje?"

"Kama mwendawazimu."

"Chai imebaki?"

Kwenye hema nilimwuliza alikuwa analia nini. Alikuwa ameshajifunika blanketi. "Mwaka huu walikuwa wengi," akasema. "Na kile kichanga." Akanigeuzia mgongo.

Hispania tulikaa siku chache tu kwa sababu joto lilikuwa kama la kwetu, na yeye alisema hakusafiri kote huko kuja kukaa Oman. Tukarudi.

Sasa, mtu akitoka Salalah hurudi na ndizi na madafu. Ni ada. Ukirudi mikono mitupu, hukwenda. Kila mwaka yeye alipitia soko la matunda la Mawaleh akitoka uwanja wa ndege, akanunua mikungu miwili ya ndizi na madafu, akagawa mtaani kama zawadi za safari. Mwaka ule tulipita pamoja. Tukakaa garini, kiyoyozi kikali, tunabandua stika kwenye ndizi moja moja, ndizi za kutoka Ufilipino, huku anacheka chini chini. Mimi nilikuwa naona hata ndizi zinatudharau.

Tukasahau moja. Jirani yetu wa nyumba ya kona, mwanamke mwenye jicho la forodhani, aliishika ndizi mbele yetu akaigeuza.

"Khaloo, siku hizi Salalah wanapiga mihuri ndizi zao?"

"Maendeleo, mwanangu," Mwosha akasema, na wote wakacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote.

Wiki mbili tatu baadaye kipande cha video kikaingia kwenye kundi la simu la wanawake wa mtaa. Sijui kilitokea mkononi mwa nani. Watu wa dunia walikuwa wanarushiana, wakicheka na kupenda, na hatimaye kikafika kwetu. Jirani wa kona akatuma sauti: "Jamani, nitazamieni, huyu si Khaloo wetu huyu? Au mie nimeingiwa na mtoto wa jicho?"

Mwengine akajibu, "Salalah hiyo, shoga. Kharif ya mwaka huu ina moshi."

"Astaghfirullah. Mikono inayowaosha mama zetu."

"Na huyo aliyejiziba uso?"

"Huyo angalau ana haya."

Nilikaa jikoni na simu. Nikaandika, "Huyo ni mimi." Hakuna aliyeandika kitu tena siku ile. Kaka yangu alikuja baada ya magharibi, akakaa sebuleni hakunywa kahawa, akamwambia mama, si mimi, kwamba hajui atapita vipi mbele ya watu msikitini. Mama akamwambia apite upande wa viatu.

Nilipomwambia Mwosha kwamba wameiona, aliuliza nani, nikasema wote. Akauliza kama mama kaiona.

"Kaiona. Kacheka mpaka kakohoa."

"Basi."

Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemjia kumwambia neno. Ila simu yake haikulia tena. Mkoba wake ulikaa tayari pembeni mwa mlango, kama ulivyokuwa ukikaa siku zote, na nikienda kumtazama alikuwa ananiuliza.

"Leo kafa nani?"

"Yule bibi wa nyuma ya duka la dawa."

"Kaoshwa na nani?"

"Wameletwa watu."

"Alikuwa na bega bovu yule. Waambie wamshike kwa chini."

"Ameshazikwa, Khaloo."

"Aa."

Mama akalala kitandani kabla ya mwaka kwisha, na hakuinuka. Nilimuuguza mimi. Nilimgeuza, nikampaka mafuta, tukamwekea godoro la hewa, na bado mgongo ukafanya vidonda, kama inavyofanya miili mizito iliyolala sana. Daktari aliniambia hutokea. Mimi sikuamini, nilihisi kila kidonda kimeandikwa jina langu. Mwosha alikuwa akija jioni kunisaidia kumgeuza. Aliviona. Hakusema kitu zaidi ya kunionyesha namna ya kuweka mto baina ya magoti.

Mama alipokufa, kaka yangu alikataa. Nilimkumbusha wasia, nikamwambia nilikuwepo uliposemwa.

"Wasia ni wasia," akasema. "Lakini mama yangu hatoshikwa na mwanamke ambaye dunia nzima imemwona akipiga mayowe na walevi. Na wewe nyamaza, wewe mwenyewe umo humo kwenye picha."

Nilinyamaza. Wakaletwa wanawake wawili kutoka mtaa mwengine, watu wazuri, wenye dini, mke wa kaka yangu akiwajua. Nilikuwa na haki ya kuingia, mtoto ana haki kuliko mtu yeyote. Nilifika mlangoni pa maghsala, nikarudi garini, kama kawaida yangu.

Mwosha alikuja msibani kama mtu yeyote. Alikaa karibu na viatu, akanywa kahawa, akasoma juzuu lake. Waosha waliporudi, mmoja akaingia jikoni, na wanawake wa jikoni wakamzunguka kwa maswali yao. Mimi nilikuwa nje ya mlango na dele la kahawa mkononi.

"Maskini," nikamsikia. "Mgongo wote ulikuwa umeoza. Sijui kama walikuwa wakimgeuza."

Dele lilikuwa la moto na sikulihisi. Nyumba nzima, niliona, ilikuwa imesikia. Mwosha aliinuka, goti moja, halafu jengine, akashika ukuta, akaingia jikoni. Alichukua sahani, akaweka wali, akaweka nyama, akaiweka mapajani mwa yule mwanamke.

"Umechoka, mwanangu. Kula kwanza."

"Nishakula, Khaloo."

"Kula tena."

Akasimama juu yake mpaka alipokula. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mpaka leo nikipita mbele ya baadhi ya nyumba najua wananiona na mgongo wa mama yangu.

Kiangazi kilichofuata Mwosha hakusafiri. Magoti, na moyo nao ukaanza. Nilikuwa nakwenda kwake baada ya alasiri, navuta mapazia, naweka chai. Siku moja nilimwuliza kama ametubu.

"Nusu," akasema.

"Nusu ndiyo nini?"

"Nusu nyengine bado naipenda."

Halafu akaniambia kile kilichokuwa kinamnyima raha. Hakuogopa kufa. Alichokiogopa ni jikoni. Alisema mwili wake nao una mambo yake, kama miili yote, na umezunguka zaidi ya mingi, na hataki uwe mazungumzo juu ya sinia la wali. Waliokuwa wakimpigia simu hawampigii. Watakaoletwa hawajui. "Nimewafunika wanawake wa mtaa huu mmoja mmoja," alisema. "Sasa sijui nani atanifunika mie."

Nilijua anataka nini na nikajifanya nakoroga sukari.

Alikufa mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Niliingia maghsala. Hiyo siku siiandiki, ya ndani ni ya ndani, na walioniuliza jikoni niliwaacha na maswali yao. Ninachoweza kuandika ni mazoezi, kwa sababu siku ya mazoezi alikuwa hai.

Alitandika shuka sakafuni sebuleni kwake, akaweka juu yake takia, lile refu la kuegemea, akalifunika kitambaa. Akakaa kwenye kiti na fimbo.

"Anza."

"Khaloo, hili takia."

"Anza. Mkono huo una kitambaa? Haya. Upande wa kulia kwanza. Mwambie unamgeuza."

"Takia?"

"Mwambie."

"Nakugeuza, mama," nikaliambia takia, na uso ukaniwaka moto.

"Taratibu. Huyo si gunia. Funika pale ulipomaliza, usimwache wazi. Tena."

Nililiosha takia lile siku nyingi, bila ya maji, mpaka akatosheka. Halafu alasiri moja alikuja akalisukuma takia kwa mguu, akashuka kutoka kwenye kiti polepole huku akishika mkono wangu, akajinyoosha pale kwenye shuka na nguo zake za nyumbani. Akafumba macho.

"Sasa mie."

"Khaloo, jamani."

"Anza."

Nilianza. Mkono wake ulikuwa baridi kama nilivyoujua siku zote. Niliuinua nikamwambia nauinua. Nilipita begani, nikapita ubavuni, akatikisika, akacheka.

"Maiti hacheki, Khaloo."

"Huyu ana mtekenyo. Endelea."

Nikamwambia namgeuza. Nikamlaza ubavu wa kushoto, mgongo wake ukawa kwangu na uso wake ukutani. Nilishika bega lake pale nilipofundishwa, kwa chini. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye ile skrini. Alizungumza akiwa ameelekea ukutani.

"Kule, ulinionea aibu?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa mgonjwa, na nilikuwa nampenda.

"Ndiyo, Khaloo."

"Na sasa?"

"Na sasa."

Alivuta pumzi, akaitoa. Bega lake halikuondoka mkononi mwangu.

"Sawa," akasema. "Osha hivyo hivyo."

Nikamwambia nainua mkono wake. Nikauinua.